Mama wa Mombasa

Kifungua mimba wangu ni mpishi katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, mahali ambapo watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kucheza. Baba yake alipostaafu ualimu, kijana alitukatia tiketi mbili na kutulipia hoteli ya kisiwani humo kwa siku tatu. "Mama," aliniambia kwa simu, "nyinyi hamjapata kupumzika pamoja hata mara moja."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Tangu fungate yetu hatukuwahi kulala chumba kimoja siku tatu mfululizo pasipo mtoto, mgonjwa wala mgeni. Isitoshe, miaka 11 ya ndoa yetu, tangu 1998 hadi 2009, mume wangu aliimaliza Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, akisomesha Kiswahili, nami nikabaki Mombasa na watoto wanne na mama mkwe. Likizo zikifika alikuja kwa basi, na begani gunia la mabuyu. Watoto wa mtaa walimpenda kwa gunia hilo. Mimi nililipika kwa sukari, iliki na rangi nyekundu, nikauza barazani, wala sikupata kuuliza mti uliozaa tunda lile umesimama wapi.

Kisiwa cha Yas, msomaji mpenzi, ni cha ajabu. Pana paa jekundu kubwa mno, la Ferrari World, iliyofunguliwa mwaka 2010, na humo huanzia safari ya kigari cha reli kiitwacho Formula Rossa, ambacho hufikia mwendo wa kilomita 240 kwa saa. Wanaokipanda huvalishwa miwani kwa ajili ya upepo na mchanga. Mimi nilikitazama kwa mbali nikawasomea dua. Siku ya pili tulikwenda bustani ya maji ya Yas Waterworld, iliyojengwa juu ya kisa cha lulu iliyopotea. Sikulidharau wazo hilo, kwani kabla ya mafuta watu wa ghuba ile walikula kwa kupiga mbizi za lulu, hata lulu za Kijapani zilizokuzwa kwa mikono zilipowavunjia soko. Bibi yangu alikuwa akizitaja lulu za ghuba kama mtu ataja jamaa.

Michezo haikutushinda. Kilichotushinda ni chumba. Kitanda kilikuwa kipana kama sambo, mapazia yalifunguka kwa kubonyeza, na sisi wawili tukakaa kimya kama abiria wanaongojea vyombo viwili tofauti. Nilimuuliza kuhusu chai, akajibu kuhusu chai. Aliniuliza kama nimewapigia watoto, nikasema nimewapigia. Nikatambua kwamba maneno yetu yote, kwa miaka yote ile, yalikuwa ya karo, ya dawa na ya nauli.

Katika bustani ya maji mna mto wa kutengenezwa. Mtu huketi juu ya boya na maji yakamchukua polepole, yakamzungusha na kumrudisha pale alipoanzia. Tuliuzunguka mara mbili, mimi katika vazi langu la stara, yeye na kofia yake ya kufuma ambayo alikataa kuivua. Mara ya pili alicheka peke yake, kisha akasema, "Huu si mto. Mto nitakuonyesha mimi, Tseikuru." Hakuwa amelitamka jina hilo kwa hiari yake tangu arudi.

Basi Agosti tukaenda. Tulishika barabara kuu ya Nairobi hadi Kibwezi, tukakata kulia kuelekea Kitui, tukalala Mwingi, na asubuhi tukapita Kyuso huku milima ya Mumoni ikitutazama. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu isipokuwa mibuyu, ambayo haikuonyesha kujali. Mizinga ya asali ilining'inia mitini. Ilikuwepo pia miti yenye matunda yaleyale niliyoyapika miaka 11, yakining'inia kama popo, na wanawake wakiyakusanya kwenye magunia ya kupelekwa pwani. Niliomba gari lisimame. Nilishuka nikaligusa gome la mbuyu mmoja, nikaona haya, nikarudi garini.

Gesti yetu pale sokoni ilikuwa na vitanda viwili vyembamba, ndoo ya maji na taa iliyozimika saa nne. Tulikula muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na kunde, na ndengu ambazo sisi twaziita pojo. Wanaume wenye ndevu na watoto wao walimsimamisha mume wangu njiani, "Mwalimu! Mwalimu!", na mmoja akamtolea palepale Kiswahili sanifu cha kupigiwa mfano ili kumthibitishia kwamba hakusahau. Sikuwa nimepata kumwona mume wangu akiwa mtu mkubwa. Nyumbani kwetu alikuwa mgeni wa likizo.

Kisha mzee mmoja mwenye duka akatoka, akanitazama, akapiga makofi. "Karibu sana! Kumbe huyu ndiye mama wa Mombasa!"

Wanawake wenzangu mtanielewa. Mtu hasemi "mama wa Mombasa" ila awe anamtofautisha na mama wa mahali pengine. Nilitabasamu, nikampa mkono. Usiku ule sikulala, wala naye hakulala, na vitanda viwili vile vikapiga kelele hadi alfajiri.

Asubuhi kijana aliyekuwa mwanafunzi wake alitupeleka hadi Tana, kwenye Hifadhi ya Mwingi. Ng'ambo ya mto ni Meru, na upande wa mashariki ni Kora, ambako George Adamson aliishi na simba wake tangu 1970 hadi majambazi walipomuua tarehe 20 Agosti 1989. Mume wangu alinisimulia habari zake tukiwa chini ya mgunga. Sinema iliyotolewa mwaka 1966 juu ya Elsa iliwajulisha dunia nzima, yeye na mkewe Joy, na watu wakadhani wanakaa kambi moja wakilea simba. Kumbe miaka ya mwisho George alikaa Kora na Joy akakaa kwingine, hata alipouawa yeye naye huko Shaba mwaka 1980. Kaburi la George liko Kora, kando ya ndugu yake na simba. Majivu ya Joy yalimwagwa Meru.

"Waliachana?" nikauliza.

"Hapana. Walikaa mbalimbali tu."

Maji ya Tana yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, nayo yalikwenda mbele bila kurudi, kwani mwisho wake ni Kipini, kwa mama yangu mzazi. Nikasema, "Na mama wa Tseikuru yuko wapi?"

Hakucheka, wala hakujifanya kutosikia. Alisema ni mwaka 2003. Niliukumbuka mwaka huo mara moja: ndio mwaka ambao Idi ilipita hakuja, akaniambia anasimamia mitihani. Alikuwa amekwisha kuzungumza na kaka wa mwanamke huyo, mjane, na amenunua mbuzi watatu wa posa. Mwanamke mwenyewe ndiye aliyemuuliza kama mkewe anajua. Alipokosa jibu, yule bibi akamwambia aende akaniambie kwanza, kisha arudi.

"Sikuweza kukuambia, na sikuweza kurudi kwake. Nikawauza mbuzi."

"Na fedha?"

Alinyamaza kitambo. "Nilikuletea cherehani."

Cherehani ile, wasomaji wangu, ndiyo iliyosomesha mabinti zangu wawili. Nimeshona juu yake sare za madrasa, mabuibui, nguo za maharusi wa mtaa mzima. Kila aliyenisifu nilimjibu kwamba mume wangu alinikumbuka akiwa mbali. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Dini haikumkataza kuoa, ila ilimtaka uadilifu, na yeye alikosa ujasiri wa kuoa na wa kusema pia. Na yule mwanamke ambaye sikumjua alinitendea haki siku ambayo mume wangu hakunitendea. Niliuliza kama yu hai. Akasema aliolewa akahamia mbali, ana wajukuu. Nilitawadha kwa maji ya mto, tukaswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, kwa kupunguza, chini ya mgunga uleule.

Siku ya tatu nilinunua gunia la mabuyu mimi mwenyewe, na nilijadiliana bei mwenyewe. Njiani tulizungumza kuanzia Kyuso hadi Voi, mengine kwa sauti ya juu, dereva akijifanya kiziwi. Sitayaandika yote. Nilimwambia mambo yangu pia, ya miaka ile, ambayo naye alikuwa hajayajua.

Tulipofika nyumbani niliifunika cherehani kwa leso. Siku nane sikuishona. Binti yangu mdogo aliuliza kama imeharibika, nikasema imechoka. Mwanangu alipiga simu kutoka Abu Dhabi kutaka kujua ni wapi tulipofurahi zaidi, akampa baba yake swali hilohilo, na baba yake akamwambia bei ya mabuyu imepanda.

Asubuhi ya tisa nilimkuta mume wangu ameondoa leso, ameinama na kikopo cha mafuta, akipangusa vumbi kwenye gurudumu. Kando palikuwa na vitambaa vya sare ambavyo jirani aliniletea. Nilimwambia sindano imevunjika, akaninunulie nyingine, namba 14. Akavaa kofia yake akatoka.