Kutoka Mwambao hadi Mlima Elgon

Sisi watu wa mwambao tukitaja matembezi hutaja bahari, na tukitaja magofu hutaja Gede. Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, tuliazimia kuwapeleka watoto bara, Bungoma na Kitale. Bibi yetu alituuliza tutakwenda kuona nini huko ila mahindi. Mahindi tuliyaona kweli, upeo wa macho, pamoja na baridi iliyotulazimisha kuvaa sweta ndani ya mabuibui.

Tulianzia Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, tukapanda kilima cha Chetambe. Hapo ndipo Wabukusu walipojihami mwaka 1895 ndani ya boma la udongo lililozungukwa na handaki, wakipigana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley kutoka Mumias. Mikuki haikufua dafu mbele ya bunduki, na watu wengi waliuawa. Leo ni kilima tulivu chenye upepo. Tuliwaombea amani wenyeji wake, tukashuka.

Kitale tulizuru jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 1974 kutokana na mkusanyiko wa vitu vya Kanali Stoneham. Watoto walipenda zaidi msitu ulio nyuma yake kuliko vioo vya ndani, nasi hatukuwalaumu.

Lakini cha kusimulia ni Mlima Elgon. Kilele chake kirefu kabisa, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Upande wetu umejaaliwa mapango. Katika pango la Kitum ndovu huingia usiku, gizani, wakipapasa njia kwa mikonga, wakachokoa kuta kwa pembe zao ili walambe chumvi. Alama za pembe zimejaa ukutani. Subhanallah, ni nani aliyemfundisha mnyama huyo kwamba ndani ya jiwe mna chumvi? Wasabaot nao waliishi katika mapango ya mlima huu pamoja na ng'ombe wao. Msafiri Joseph Thomson aliwakuta mwaka 1883.

Akina mama wenzetu, watoto msiwaingize ndani. Mwaka 1980 na mwaka 1987 wageni wawili waliozuru pango hilo walifariki kwa homa ya Marburg, ugonjwa ambao hubebwa na popo. Sisi tulisimama mlangoni, na palitutosha.

Siku ya mwisho, baada ya swala ya adhuhuri, mwenyeji wetu alitupeleka karibu na klabu ya zamani ya Kitale kutuonyesha duara la mawe. Husimuliwa hapo kwamba misafara ya biashara ilipopita, watumwa walifungwa ndani ya duara hilo wakingoja safari. Mwenyeji alieleza kwa upole, bila kututazama usoni, kwani alijua tunakotoka. Ni misafara iliyotoka kwetu ndiyo iliyofikisha lugha yetu na dini yetu hadi Mumias. Jambo hilo tumezoea kulisimulia kwa fahari. La mawe haya hatukuwahi kulisikia nyumbani.

Binti yetu wa miaka tisa akauliza watu hao walikuwa wakipelekwa wapi.

Baba yake alikaa kimya kitambo, kisha akamjibu: "Pwani, mwanangu. Kwetu."

Jioni ile tulipanda basi la Mombasa. Binti hakulala hadi tulipopita Eldoret; alikuwa akihesabu kwa vidole ni siku ngapi mtu angetembea.