Sikumwambia Kuhusu Sindano

Mimi ni mkunga. Kosa ninaloliungama lilianza kwa sindano, lakini ulimi wangu ndio uliolikuza.

Alikuwa mzazi wa mara ya kwanza, uchungu umemkesheza leba, nami nikamchoma pethidini miligramu 100 pajani. Daktari alikuwa ameiandika, na kumpunguzia maumivu halikuwa kosa. Kosa ni kwamba sikumpima njia upya kabla ya kumchoma; nilikisia tu kuwa bado ana safari ndefu. Baada ya saa mbili na ushei akajifungua. Pethidini humlemea mtoto zaidi ikichomwa saa mbili au tatu kabla ya kuzaliwa, na mimi nilikuwa nimeilenga saa hiyohiyo.

Wengi huamini kondo la nyuma humkinga mtoto na kila kitu. Dawa za maumivu na za usingizi halizizuii. Pethidini huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hupenya utando wa kondo ndani ya dakika chache tu. Diazepamu nayo hupita, na katika damu ya mtoto inaweza hata kuzidi iliyo kwa mama. Kitovu kikishakatwa, mtoto hubaki na dawa hizo peke yake, na ini lake bado changa. Mwili wa mama hupunguza nusu ya pethidini kwa saa tatu hadi tano; wa kichanga huenda ukahitaji saa 13 hata 20. Tena dawa hiyo ikivunjwa huacha norpethidini, ambayo humkaa mtoto siku kadhaa.

Alitoka amelegea, hakulia. Nikampa pumzi kwa mfuko na barakoa mpaka akapata rangi, akalia kwa sauti ndogo. Hapo nilijua nimefanya nini.

Wodini mama alimweka titini, mtoto akalala bila kuvuta. Nikasema, “Huyu mwanao mvivu.” Kesho yake nikaongeza kwamba labda maziwa hayajashuka vizuri. Bibi wa mtoto akaleta uji wa pilipili manga, akawa anamgombeza binti yake kwamba hali chakula. Nilisimama palepale, nikanyamaza, kwa kuwa niliogopa kuulizwa nilimchoma saa ngapi.

Dakika moja ingetosha kumweleza: mtoto ana usingizi wa dawa, utaisha, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, kamua maziwa, mpe kwa kikombe mpaka atakapopata nguvu ya kunyonya. Yote hayo niliyajua, nilikuwa nikiwafundisha kina mama wengine. Yeye nilimwacha aamini kwamba mwili wake umemshinda, na mtoto akaanzishiwa maziwa ya kopo.

Siku ya kuruhusiwa alinifuata mezani, akaniita dada, akaniomba radhi kwa usumbufu alionipa. Nikamjibu kwamba si neno.