Miguu ya Nguruwe kwa Namna ya Korea: Minne Inatosha Watu Kumi

Juma hili tunawaletea chakula cha mbali, kutoka Korea ya Kusini. Kinatumia sehemu ya nguruwe ambayo wengi wetu tunaipita sokoni bila kusimama, tena kinafundisha namna ya kugawa kidogo kati ya wengi. Wale ambao dini yao inakataza nguruwe watusamehe.

Chakula hicho kinaitwa jokbal. «Jok» ni mguu kwa neno lililotoka Kichina, «bal» ni mguu kwa Kikorea chenyewe. Basi jina lote ni «mguu-mguu». Binti zetu walikiona kwanza katika filamu za Korea kwenye simu. Sisi tulipotafuta habari zake, historia yake ndiyo ilitugusa. Wakati wa vita vya Korea, 1950 mpaka 1953, watu wengi wa kaskazini walikimbilia kusini, kisha mpaka ukafungwa, hawakurudi tena kwao. Katika mji wa Seoul, mtaa wa Jangchung-dong, wakimbizi hao walianza kupika miguu ya nguruwe na kuuza. Mwaka 1963 jumba la michezo la Jangchung lilifunguliwa karibu pale, na watazamaji wakitoka mchezoni walikuja kula. Mpaka leo barabara ile inajulikana kwa jokbal, na penye majina ya maduka utakuta neno «halmeoni», maana yake bibi.

Hadithi hiyo sisi wa Bukavu tunaielewa bila kufasiriwa. Nyumbani kwetu tumekuwa watu kumi tangu shangazi ya watoto alipofika na watoto wake wanne, wakikimbia vita, na furushi moja tu. Mshahara wa mwalimu haukuongezeka pamoja na sahani. Siku ya nyama tulikuwa tunahesabu vipande: viwili kwa baba, kimoja kimoja kwa watoto. Na pale ambapo vipande vinahesabiwa, mgeni naye anajihesabu. Shangazi alikuwa anasema ameshiba kabla ya kunawa mikono. Watoto wake walikuwa wanamtazama kwanza usoni ndipo wanyooshe mkono.

Jokbal haina vipande vya kuhesabu. Nyama inatolewa mifupa, inakatwa nyembamba sana, inapangwa juu ya sahani moja kubwa, kila mtu anajichukulia. Hapo ndipo tuliona faida yake.

Haya ndiyo tunayotumia kwa miguu minne. Katika supamaketi: sosi ya soya, ile nyeusi ya chumvi, kikombe kimoja, sukari vijiko vitano vya mezani, kijiti kimoja cha mdalasini, pilipili manga kijiko kidogo. Sokoni: vitunguu viwili, kitunguu saumu kichwa kimoja, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, pilipili, na majani ya saladi. Wakorea wanatia pombe ya mchele ili kuondoa harufu. Sisi tunatia kikombe kimoja cha kasiksi. Wengi kwao wanaongeza pia kijiko cha kahawa ya unga ili nyama ipate rangi. Kahawa, Kivu hatukosi.

Muombe muuzaji achome manyoya na kuondoa kwato. Nyumbani, kwangua ngozi kwa kisu, osha, loweka katika maji baridi saa moja ili damu itoke. Chemsha dakika kumi, mwaga maji yale, osha tena miguu na sufuria. Usiruke hatua hii, maana harufu yote inatokea hapo. Kisha rudisha miguu, tia maji mapya yafunike, ongeza vyote isipokuwa pilipili na saladi. Usitie chumvi, soya inatosha. Ikichemka, punguza moto, funika, uache saa mbili na nusu au tatu, ukigeuza mara kwa mara. Makala yanaogopesha, tunajua. Kwa hiyo funga mlango wa mbabula ubaki kidogo tu. Chakula hiki kinataka moto mdogo.

Miguu haina nyama nyingi. Utajiri wake uko katika ngozi na mishipa. Moto wa haraka unaviacha vigumu kama kiatu. Moto mdogo wa muda mrefu unavilainisha, na mchuzi unakuwa mzito wa kunata. Kijiti kikipenya ngozi bila kusukumwa, imeiva. Toa, acha ipoe kidogo, maana ikiwa ya moto sana haikatiki vizuri, ndipo utoe mifupa na kukata.

Wakorea wanafunga kipande ndani ya jani la saladi pamoja na kitunguu saumu kibichi na pilipili, wanatia mdomoni mara moja. Watoto wetu walipenda kufunga kuliko kula. Sisi wakubwa tulikula na bugali, kama kawaida yetu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu, kisu kiko mkononi mwa shangazi, maana hakuna anayekata nyembamba kumshinda, na anayekata anaonja kwanza. Sasa yeye ndiye anaita watoto wote mezani, wake na wetu, na hakuna anayetazama uso wa mwingine.

Mchuzi unaobaki usimwage. Kesho yake utaganda kama jeli. Tia vijiko vichache katika maharagwe, na kila mtu atauliza nyama iko wapi.