Makandana na Ukuta wa Shemeji Yenu

Ukitaka kujua kama wapenzi wawili wanaelewana kweli, usiwaulize habari za harusi. Waulize kiwanja chao watakizungushia ukuta au michongoma. Mimi na mwenzangu tumebishana jambo hilo kwa miezi minane sasa, na kiwanja chenyewe wala hakiko Mbezi Beach. Kiko Makandana, Tukuyu, ambako nyumba nyingi hazina hata geti.

Kwa ambao hamjafika, Makandana ni kata ya mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Hospitali ya wilaya iko hapo, na wenyeji wakisema "kalazwa Makandana" hawana haja ya kuongeza neno. Kutoka Mbeya mjini ni kama kilomita 70: unafika Uyole, unakata kulia, halafu lami inapanda na kushuka hadi unapita Kiwira. Utajua umekaribia kwa baridi. Mji uko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, Mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000 umesimama jirani, na mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Kile kiblauzi chako cha Kariakoo kiache begini. Ni chai, migomba na maparachichi hadi macho yanachoka na kijani. Daraja la Mungu na Ziwa Masoko, ambavyo kwa wapendanao ni lazima, nitawaandikia siku nyingine.

Kinachonichekesha ni majina. Tukuyu ina kata inaitwa Msasani na nyingine inaitwa Bagamoyo. Msasani ya Dar unaijua: kuta ndefu, nyaya za umeme juu, vipande vya chupa, mlinzi anayekuuliza unamtaka nani. Msasani ya huku mipaka ni michongoma, mabingobingo au mstari wa migomba tu, na njia za miguu zinakatiza kwenye viwanja vya watu kama vile hakuna mwenyewe. Mabingobingo hayo ni majani ya ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini, kwa hiyo uzio wa mtu unakatwa, unaliwa, unaota tena. Nani wa Dar ana ukuta unaotoa maziwa?

Sasa kiwanja chetu shemeji yenu alikirithi, kimepimwa na kina bikoni zake nne. Katikati inapita njia ambayo haiko kwenye ramani yoyote. Wanaotoka mabondeni kwenda hospitali wanapita hapo na vikapu vya chakula cha wagonjwa. Asubuhi ya kwanza nimesimama nje napiga mswaki, nikasalimiwa "Ugonile!" na watu kumi na wanne. Nilihesabu. Mimi niliyekulia Dar nikafurahi kama mtalii. Yeye aliyezaliwa huko huko akanuna. Anataka ukuta wa tofali, mita 2 na nusu, geti la chuma, na njia ifungwe. "Nataka nikija likizo nikae na mke wangu na wanangu, siyo na kata nzima," akasema. Na kwa kweli ana haki ya kuchoka, simlaumu.

Mama mkwe alipoyasikia maneno ya ukuta hakupaza sauti. Aliendelea kumenya ndizi za mbalaga, kisha akaniambia mimi, siyo mwanawe: "Mwanangu, hapa mtu akijifungia, ama anaumwa ama anaficha kitu."

Ili umwelewe, rudi nyuma kidogo. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na utaratibu ambao watafiti wa dunia nzima waliushangaa. Mvulana akifika miaka kumi hivi alitoka kwa wazazi, akajenga kibanda pamoja na marika wake pembeni, na hata walipooa waliendelea kuishi kijiji kimoja. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, Good Company, kikatoka mwaka 1951. Neno lenyewe la huku ni ukwangala, yaani kukaa na wenzako, kula, kunywa na kupiga soga. Asiyekaa na wenzake alitiliwa mashaka. Tena iliaminika kuwa majirani wakimnung'unikia mtu aliyekosea, pumzi yao ilimletea ubaridi mwilini akaugua. Siyo kwamba mipaka haikuwepo, bwana. Mke hakutakiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani anajiepusha. Huo nao ulikuwa uzio, na haukuhitaji saruji.

Haya, na sheria inasemaje? Hapa naomba wewe na mwenzako msome pamoja, maana wengi tunadhani kibali ni cha nyumba tu. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007, uendelezaji wa ardhi kwenye eneo la mipango unahitaji ridhaa ya mamlaka ya mipango, na ukuta nao ni ujenzi. Unakwenda halmashauri na uthibitisho kwamba kiwanja ni chako pamoja na michoro. Kama uko kando ya barabara kuu, kama hii ya Uyole kwenda Kyela, kumbuka Sheria ya Barabara ya mwaka 2007: hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati, siyo zile 22 na nusu za zamani. Ukijenga humo, alama ya X nyekundu itakukuta. Kingo za mto nazo zina mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu, na ni mita 60 hizo hizo kwa mwenye kiwanja cha ufukweni kule Msasani ya Dar. Rungwe ilivyojaa vijito, pima kwanza.

Na ile njia? Shemeji yenu alidhani bikoni zimemaliza mjadala. Kumbe Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inatambua haki ya kupita kwenye ardhi ya mwingine, kwa hiyo kufunga njia ya miaka yote kunaweza kukupeleka kwenye baraza. Tangu mabadiliko ya 2021, Baraza la Kata limebaki na kazi ya kusuluhisha, haliamui tena. Ikishindikana hapo, ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Likizo imeishia hapo.

Kilichomlegeza mume wangu lakini siyo sheria, ni fundi. Alimwambia kwa mteremko ule na mvua ile, ukuta usio na matundu ya maji utalala chini masika ya kwanza, tena utamlalia babu jirani wa upande wa chini. Yule babu alikuwepo, amejishika kiuno. Akasema, "Mwanangu, baba yako na mimi mpaka wetu ulikuwa ile migomba. Ukiiva mkungu upande wake, alinipa nusu."

Tulilala tumenuniana. Siku ya pili tukapima upya, sote wawili tumeshika kamba. Kibali tumeomba mwezi uliopita: ukuta wa mita 1 na nusu upande wa mbele tu, wenye matundu, kisha michongoma pande mbili, na njia inasogezwa pembeni ya kiwanja, upana wa watu wawili waliobeba machela. Yeye amepata baraza la nyuma lisiloonekana na mtu, la kunywea chai na mimi. Geti bado hatujaelewana.

Babu ameshakata vipande vya mabingobingo kwa ajili ya upande wake, amevilaza chini ya mgomba vikisubiri mvua. Juzi alituma salamu, anauliza Novemba tutakuja wote wawili au nitakuja peke yangu.