Vali na Geji

Tangu nistaafu, vijana niliowaachia dirisha la dawa hunipigia simu kuuliza lile lile: kati ya takrolimusi na siklosporini, ipi huilinda zaidi figo iliyopandikizwa?

Nilizaliwa Olkaria kabla ya mtambo wa kwanza wa mvuke kuwashwa 1981. Baba alifungua na kufunga vali visimani. Shule Naivasha, ufamasia Nairobi, kazi Nakuru; hayo yatosha.

Mfamasia aliyenifunza kazi, tukimwita Mzee, alikuwa muumini wa siklosporini. Aliyaona mateso ya enzi ya azathioprini na prednisoloni pekee, figo zikikataliwa ovyo, kabla siklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongo wa Norway, haijaleta nafuu. Mimi nilishika takrolimusi ya Wajapani.

"Hiyo yako, kijana, itawajaza watu sukari."

"Na yako, Mzee, inawavimbisha ufizi na kuwaotesha mama zetu ndevu."

Mwaka 2007 ukatoka utafiti wa Symphony, wagonjwa 1,645. Kwa takrolimusi ya dozi ndogo, ambao miili yao ilikataa figo katika mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 12 hivi. Kwa siklosporini ya dozi ya kawaida, karibu 26. Ila sukari iliwapata zaidi wa takrolimusi. Mzee akasoma, akafunga jarida: "Umeona?" Hadi leo nasema nilishinda mimi.

Kwenye kipimo hatukubishana. Wagonjwa wetu walipandikiziwa Hospitali ya Kenyatta, Eldoret au India, kisha wakarudi kwetu kupimwa kiwango cha dawa. Damu hutolewa asubuhi kabla ya kumeza, saa 12 zikiwa zimepita tangu dozi ya jioni. Mtu akija ameshateremsha kapsuli kwa chai, tulimrudisha: kiwango kingesomeka juu, dozi ingepunguzwa, figo ibaki bila ulinzi. Akianzishiwa rifampisini ya kifua kikuu, ini huivunja takrolimusi upesi na kiwango huporomoka. Baba hakuuliza vali imetoka kiwanda gani, alisoma geji.

Kwa hiyo sijamsamehe ofisa ununuzi mmoja aliyebadilisha kampuni ya dawa kwa kufuata bei, asituambie ili tupime damu upya. Wagonjwa walileta makasha ya rangi mpya wakiuliza, naye akajibu ni ile ile.

Nyinyi mlio dirishani sasa, jibu hilo lisitoke midomoni mwenu. Dawa ikibadilika kampuni, mwiteni daktari wa mgonjwa, na mgonjwa apimwe damu upya.