Mgongo Wangu na Kiwanja cha Mama

Mgongo ni kama jirani mpole. Unaishi naye miaka nenda miaka rudi, humjui hata anakula nini, mpaka siku atakapoamua kukufungulia redio usiku wa manane. Wangu ulifungua redio mwaka 2021, na kwa miaka miwili haukuizima.

Ndugu msomaji, mimi ni fundi cherehani. Kutwa niko Kariakoo, kwenye kibaraza tulichokodi mafundi wanne, nimeinamia sare za shule na vitenge vya harusi. Usiku naandika. Kwa hiyo kazi zangu zote mbili nazifanya nikiwa nimeketi, na mgongo ukigoma, zote mbili zinalala njaa siku moja. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka kwenye kalio la kushoto, yakaendelea na safari hadi kwenye kigimbi, kama umeme kwenye waya uliochunika. Kwenye daladala wenzangu waligombania siti, mimi nikashukuru kuikosa.

Mtaani kwetu, bwana, kila mtu ni daktari. Mmoja alisema ni figo. Mwingine akasema nilale sakafuni. Wa tatu akaniita pembeni, akanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Shangazi akaniletea mkanda mpana wa kufunga kiunoni. Washikaji wa kijiweni ndio usiseme: "We kijana wa miaka 27, mbona unatembea kama mzee anayefuatilia pensheni?" Nilicheka nao. Usiku nilipogeuka kitandani nilikuwa nang'ata shuka ili mama asisikie.

Mwaka 2023 nikapigwa picha ya MRI. Daktari akaiweka kwenye mwanga, akanionyesha: diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imetokeza, imegusa mshipa wa fahamu. Akasema operesheni ni njia mojawapo, lakini hakuna haraka, nianze na wiki 12 za fiziotherapia. Maneno yalikuwa mengi. Mama, aliyekuwa ameketi pembeni yangu, alisikia moja tu: operesheni.

Jioni ile, akiwa anachambua mchele, akasema kwa sauti ya chini, "Kile kiwanja cha Mkuranga tutafute mteja."

Hapo ndipo maumivu yangu yalipopata jina jingine. Kiwanja kile ndicho pekee marehemu baba alichoacha. Mama hana pensheni, hana duka, hana mtoto mwingine mwenye kazi. Nikauzie mgongo wangu uzee wake? Nilimwomba, "Mama, nipe hizo wiki 12 kwanza." Hakujibu. Aliendelea kuchambua mchele, nami nikachukulia kwamba amekubali.

Mtaalamu wa fiziotherapia alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mikono yake migumu kama ya msukuma chapati. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaanza maswali ya ajabu. Je, napata ganzi sehemu za siri? Nashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa? Mguu unalegea? Napata homa, nakonda, natoka jasho usiku? Kila swali nilijibu hapana. Akanieleza kwamba mtu akijibu ndiyo, asibaki nyumbani kujipaka mafuta, akimbilie hospitali. Huenda mishipa imebanwa vibaya, au ni kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. "Wewe, mwanangu," akasema, "mgongo wako umekasirika tu. Haujavunjika."

"Na picha je, mama?"

Akacheka. Akasema picha inaonyesha umbo, haionyeshi maumivu. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga MRI watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo. Zaidi ya nusu yao walikutwa na diski zisizo za kawaida, na bado walikuwa wanatembea zao na shughuli zao! Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kijiweni: diski iliyotokeza mara nyingi hupungua yenyewe, kwani mwili huinyonya taratibu kwa miezi kadhaa. Kazi yangu ni kuupa nafasi.

Dawa yake nilidhani utani. Kutembea dakika 10 asubuhi, dakika 10 jioni, na kuongeza kila wiki. Kulala chali, kukunja magoti na kuinua kiuno. Kupiga magoti na viganja chini, kisha kunyosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, halafu kubadilisha. Kila nusu saa niinuke kwenye cherehani, hata kama mteja amenuna. Na sentensi moja niliyoiandika kwenye jalada la daftari: kuuma si kuharibika.

Ndiyo iliyonifungua. Maana woga ulikuwa umenifunga kuliko diski. Nilikuwa nainama kwa kujikaza, nacheka kwa kujikaza, hata kupiga chafya nakuogopa. Wiki ya tatu sikuona nafuu yoyote. Wiki ya tano maumivu yakarudi kwa hasira, na mama akaanza tena kuulizia bei za viwanja. Nikaendelea. Wiki ya nane nilitoka Kariakoo kwa miguu mpaka kivukoni Magogoni, nikasimama kutazama pantoni, na ndipo nikagundua kwamba njia nzima sikuwa nimewaza kuhusu kiuno.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi. Mimi diski ilikuwa na lake, lakini nilijiona humo: elimu kwa mgonjwa, mazoezi, hata msaada wa kisaikolojia. Mikanda ya kiunoni haikupendekezwa. Pole, shangazi. Na mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha utafiti wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliofundishwa kutembea kwa mpango walikaa siku 208, kwa wastani, kabla ya maumivu kurudi. Wasiofundishwa walikaa siku 112. Viatu na barabara, basi.

Sisemi kisu ni adui. Wapo ambao bila operesheni wangepoteza miguu yao, na hao wasicheleweshwe na makala ya fundi cherehani. Wala sisemi nimepona kabisa. Oda za Iddi zikizidi, jirani yangu anafungua redio. Tofauti ni kwamba sasa najua kitufe cha kupunguza sauti kiko wapi: nainuka, nazunguka mtaa, narudi kazini.

Kiwanja hakikuuzwa. Mama amepanda mihogo, na mwaka huu nilimsaidia kulima mistari miwili kabla hajanifukuza niende nikapumzike.

Nawe mwandishi mwenzangu, unayesoma haya umejikunja kitandani, daftari magotini, shingo imepinda kama ndoano: hebu simama kwanza. Zunguka nyumba mara moja. Hadithi yako itakusubiri.