Kipaza Sauti na Dirisha la Jirani

Kuanzia Mbagala na Tandika hadi Tegeta na Bunju, nyumba zetu zimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya usiku, jirani anakupa pole kupitia dirishani. Jumamosi ukumbini kuna sherehe, baa imefungulia muziki, kanisani kuna mkesha, na alfajiri mwadhini anaita. Katikati ya hayo yupo mama aliyejifungua juzi, yupo mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani, na yupo mlinzi aliyetoka lindo ambaye usingizi wake ni wa mchana.

Serikali inapotangaza kudhibiti kelele, wengi wetu husema upesi, "Wanataka kutuzuia kuhubiri." Hofu hiyo ina historia. Ujumbe wa Pasaka wa mwaka 2018 wa maaskofu wa KKKT, "Taifa Letu, Amani Yetu", ulisomwa katika sharika nyingi, na muda si mrefu ikatoka barua serikalini ikitaka ufutwe, ingawa waziri mwenye dhamana aliikana baadaye. Mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa nayo ilizuiwa mwaka 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023. Kwa hiyo Mkristo anayeuliza "Wanazuia nini hasa?" anauliza swali la haki.

Tulijibu basi. Katiba yetu, ibara ya 18 na ya 19, inalinda uhuru wa kutoa maoni na uhuru wa kuabudu na kutangaza dini. Ibara ya 30 inaongeza kwamba haki ya mmoja isitumike kuvunja haki ya mwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, zinapima ukubwa wa sauti kwa desibeli, na usiku kiwango kinashuka. Kile kifaa cha kupimia hakijui kama spika inatoa tenzi au bongo fleva, tofauti na ile barua ya 2018 iliyohusu maneno yenyewe. Tunaona hayo ni mambo mawili mbalimbali, na tukiyachanganya, siku watakapokuja kuyazuia maneno hakuna atakayetusikiliza.

Hata hivyo kipimo nacho kinaweza kupendelea. Baa ikikesha bila kuguswa na kanisa likafungwa, tuna neno la kusema. Msikiti ukifuatwa peke yake, tuna neno lile lile la kusema. Mwaka 2018 Kigali ilifunga mamia ya makanisa, sababu zikiwa pamoja na hali ya majengo na kelele, na katika sehemu ya jiji hilo misikiti ikaambiwa iache kuadhini kwa vipaza sauti.

Wapo wanaotukumbusha kwamba Paulo na Sila waliimba usiku wa manane. Ni kweli, tena wafungwa wakawasikiliza. Ila waliimba kwa vifua vyao, miguu ikiwa kwenye mkatale, bila jenereta. Kitabu cha Mithali, sura ya 27, kina onyo ambalo huwa hatulihubiri: anayembariki rafiki yake kwa sauti kubwa alfajiri, baraka yake itahesabiwa kuwa laana. Na pale Karmeli, waliopiga kelele kutwa nzima walikuwa manabii wa Baali. Eliya akawatania wapaze zaidi, huenda mungu wao amelala.

Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba Mkristo hatawaliwi na mtu, na papo hapo ni mtumishi wa watu wote. Mafundi mitambo wetu wanaweza kuanzia hapo. Spika zielekezwe ndani kwa waabuduo. Mkesha ukifika saa nne usiku, mzee wa kanisa azunguke nje ya uzio, asimame chini ya dirisha la jirani wa karibu kabisa, asikilize, kisha arudi kumwambia fundi. Kabla ya mkutano wa injili, mbali na kibali, jumuiya ipite nyumba kwa nyumba ikieleza siku na saa, na kuuliza wapi kuna mgonjwa. Jukwaani mhubiri aiseme rushwa kwa jina lake, na dhuluma ya viwanja pia, bila kupunguza neno hata moja.